Roho Inayochafuka Baada ya Kichwa Kugongwa

Assalamu alaikum. Habari za asubuhi, ndugu zangu. Nawashukuru mlioacha vijiwe vyenu kuja hapa. Najua kila saa mnayokaa, hesabu ya tajiri haipungui. Na kina mama mliokuja na vijana wenu, karibuni sana, maana mgonjwa wa leo anauguzwa nyumbani.

Nianze na mdogo wangu. Ni bodaboda kama ninyi, hapa hapa Tanga. Aliteleza kwenye mchanga akitokea Pongwe, kichwa kikapiga lami. Hospitali wakampiga picha ya kichwa, haikuonyesha damu. Wakasema ni mtikisiko wa ubongo, akapumzike. Tukamshukuru Mungu. Lakini wiki ya sita alikuwa bado ananiambia, "Dada, roho inanichafuka."

Sisi mtu akisema roho imechafuka, mkono unakwenda tumboni. Basi akameza dawa ya malaria bila kupimwa. Ikafuata ya vidonda vya tumbo. Jirani akasema kijana amepigwa jicho baya. Mwingine akasema anakwepa kazi, na hilo ndilo lililomuumiza kuliko yote. Mimi, ambaye kazi yangu ni fiziotherapia, yaani tiba ya mazoezi ya mwili, nilimtembelea kila Jumapili na sikumuuliza swali moja la maana: inakuja wakati gani, ukifanya nini? Nilipouliza hatimaye, alijibu palepale: "Nikijigeuza kitandani upande wa kulia. Na nikipanda daladala." Hizo ni habari mbili tofauti, na kila moja ina chanzo chake.

Kabla ya vyanzo, niseme lile la kukimbilia hospitali bila kungoja kesho. Mtu aliyegonga kichwa akitapika mara kwa mara, maumivu ya kichwa yakazidi badala ya kupungua, akachanganyikiwa, akapata degedege, mkono au mguu ukalegea, mboni moja ya jicho ikawa kubwa kuliko nyingine, maji maji yakatoka puani au sikioni, au asiamshike, mpelekeni. Hata kama ajali ni ya wiki kadhaa nyuma, hasa kwa mzee au anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda.

Ninayemzungumzia leo ni yule ambaye hatari hiyo imeondolewa, lakini kichefuchefu kimebaki. Watu wazima wengi hupata nafuu ndani ya wiki 2, watoto ndani ya wiki 4. Wapo wanaopita hapo, na hawaigizi. Picha ya hospitali huona damu na mfupa uliopasuka. Mtikisiko huvuruga namna ubongo unavyofanya kazi, na uvurugano huo haupigiki picha.

Waliovuka kwa boti kwenda Pemba watanielewa upesi. Ukiwa ndani, macho yanasema umekaa tuli, sikio linasema unarushwa juu na chini. Ubongo unapokea habari mbili zinazopingana, na bahari inakulevya. Ndiyo maana mabaharia hukwambia utoke nje, utazame mbali bahari inapokutana na mbingu. Sasa mtu aliyegonga kichwa anaweza kulevywa na bahari akiwa nchi kavu. Sikio la ndani, macho na shingo, vyote hupeleka ubongoni habari za mwili umekaaje, na ajali moja inaweza kuvuruga vyote vitatu.

Lile la kujigeuza kitandani ni la sikio. Mle ndani mna punje ndogo sana, za madini kama ya chokaa. Kichwa kikipigwa, hung'oka zikaingia kwenye vijifereji visivyo vyake. Ukilala au ukijigeuza, chumba kinazunguka, kwa kawaida chini ya dakika moja, na roho inachafuka. Dawa yake ni kukilaza na kukigeuza kichwa kwa hatua maalumu, punje zirudi kwao. Daktari wa Marekani, John Epley, aliichapisha njia hiyo mwaka 1992. Ni kazi ya dakika chache, haina kidonge. Mdogo wangu nilimfanyia mara mbili, na usiku ule alilala ubavu wa kulia. Nililia, sitaficha. Lakini msijaribu kwa kufuata video kwenye simu, maana shingo iliyopata ajali lazima ichunguzwe kwanza.

La daladala lilichukua muda mrefu zaidi. Hapo ubongo unahitaji kufundishwa upya, na haufundishiki ukiwa umelala. Zamani tulikuwa tunamfungia mgonjwa chumba cha giza mpaka apone. Wataalamu wa mtikisiko wa michezoni walikutana Amsterdam mwaka 2022, na mwongozo wao unasema kulala moja kwa moja hakusaidii. Siku 1 au 2 za kwanza pumzika, punguza simu na televisheni, kisha anza kutembea taratibu. Kipimo chao nakipenda kwa sababu hakihitaji mashine. Jiulize dalili zako ni ngapi kati ya 0 na 10. Ukifanya jambo zikapanda kwa 2 au chini ya hapo, na zikashuka kabla ya saa moja kuisha, endelea. Zikipita hapo, acha, kesho fanya kidogo.

Mdogo wangu alianza kwa kukaa, amenyoosha kidole gumba, anakitazama huku akigeuza kichwa kulia na kushoto kwa sekunde chache. Baadaye akafanya amesimama, kisha akitembea uani. Daladala alianza kituo kimoja, kiti cha mbele, anatazama mbali, simu mfukoni.

Kuhusu dawa: kwa maumivu, paracetamol kwa vipimo vyake. Dawa nyingine za maumivu, diclofenac na ndugu zake, huchokoza tumbo, na siku za mwanzo kuna hofu ya damu kuvuja. Dawa za maumivu ukizimeza siku 15 au zaidi kila mwezi, zenyewe huanza kuleta maumivu ya kichwa. Na zile za kuzuia kizunguzungu ukizitumia muda mrefu huchelewesha ubongo kujizoeza. Chakula kiwe kidogo kidogo, uji mwepesi, ndizi, maji ya kutosha. Njaa huongeza kichefuchefu. Chai ya tangawizi wengine huwafaa. Anayetaka kufunga Ramadhani na bado anatapika, akumbuke mgonjwa ameruhusiwa kula, atalipa akipona.

Pia kuna kipandauso kinachoanza baada ya ajali, kichwa kinagonga upande mmoja na mwanga unakera. Hicho kina dawa zake, muone daktari. Na homa ikiwepo, kapimeni malaria kweli. Mama mwenye umri wa kuzaa apime na mimba.

Naam, mama yangu, nimekuona. Mama anauliza, ni kweli asiachwe alale usiku wa kwanza? Akishaonwa na daktari na hana zile dalili za hatari, mwacheni alale, usingizi unamsaidia. Awepo mtu karibu, na mkiambiwa mumwamshe kumtazama, fuateni mlivyoelekezwa.

Na wewe kijana wa nyuma, la kurudi barabarani. Maadamu kizunguzungu kipo, usiendeshe. Kichwa kikigongwa tena kabla hakijapona, kupona huwa kugumu zaidi, na nyuma yako pana abiria. Wenye pikipiki mliopo hapa, nawaomba kwa dhati, mpunguzieni hesabu wiki hizo.

Nimekuja na godoro, liko pale kwenye kona. Nitakaa mpaka adhuhuri. Ambaye chumba kinamzunguka akilala, aje nimtazame, na aliyemleta akae naye asubiri.