Mtoto Aseme Kabla ya Kubonyeza

Walimu wenzangu, wazazi, na nyote mliofika, nimeombwa nizungumzie kuwafundisha watoto wadogo kuandika programu za kompyuta. Nikisema wadogo, nawafikiria wa miaka mitano hadi kumi hivi, tangu yule anayebabaisha kusoma hadi yule ambaye ameanza kupima pembe darasani. Nina jambo moja tu, na nitalitoa mapema ili anayewahi kuondoka aende nalo: kabla mtoto hajabonyeza kitufe cha kuendesha programu yake, aseme itafanya nini.

Najua, linaonekana dogo mno kubeba mhadhara mzima. Nipeni nafasi.

Fikra ya kumpa mtoto usukani wa kompyuta ni ya zamani kuliko wengi wetu humu ndani. Mwaka 1967, huko Marekani, Wally Feurzeig, Seymour Papert na Cynthia Solomon walibuni lugha ya Logo kwa ajili ya watoto, zama ambazo hata watu wazima walipanga zamu kuigusa kompyuta. Papert alizaliwa Pretoria, na kabla ya Logo alikuwa amefanya kazi Geneva pamoja na Jean Piaget, mtafiti wa namna watoto wanavyojijengea maarifa. Wakati wengine walitaka kompyuta imfundishe mtoto, yeye alitaka mtoto aifundishe kompyuta. Logo ikaja kupewa kobe: kwanza roboti ya kutambaa sakafuni ikichora kwa kalamu, kisha alama ndogo kwenye skrini. Kobe huyo hajui mengi. Mbele hatua kadhaa, geuka kulia nyuzi kadhaa, inua kalamu, shusha kalamu.

Mraba hausumbui. Mbele 100, kulia 90, rudia mara nne. Mwambie sasa mtoto aliyeumudu mraba achore pembetatu yenye pande sawa. Darasani ameambiwa kila pembe ya pembetatu hiyo ni nyuzi 60, kwa hiyo anaandika bila wasiwasi: mbele 100, kulia 60, rudia mara tatu. Anabonyeza. Kwenye skrini kunatokea mistari mitatu isiyofungana, nusu ya umbo la pande sita.

Hapa ndipo penye utajiri wote wa somo letu, na hapa ndipo walimu wengi tunapoupoteza. Mtoto ambaye hakusema chochote kabla ya kubonyeza ataitazama ile nusu ya umbo, atacheka, ataibadilisha 60 iwe 70, kisha 80, kisha 100, mpaka bahati imfikishe kwenye 120. Pembetatu imepatikana. Mwalimu anampongeza, naye hajui hata kidogo kwa nini ni 120.

Mchukue sasa yule aliyetangulia kusema. Mwulize: kobe akimaliza mstari wa kwanza anatazama wapi? Akigeuka 60 atatazama wapi? Simama, uwe kobe. Mtoto anatembea sakafuni, anafika kwenye kona, na mwili wake unamwambia jambo ambalo karatasi haikumwambia: pembe iliyo ndani ya umbo si ile anayogeuka yeye. Yeye anageuka ya nje, 180 kutoa 60. Na akiizunguka pembetatu nzima hadi kurudi alipoanzia huku akitazama alikokuwa akitazama mwanzo, amejizungusha duara kamili, nyuzi 360. Mgawo wa 360 kwa tatu ni 120. Kwa nne ni 90, ndiyo maana mraba ulikubali mara moja. Mtoto aliyefika hapa atachora umbo la pande tano bila kuulizwa, na mara nyingi hangoji umwombe. (Wa miaka mitano hatafika huko, wala hahitaji. Yeye anatosheka kusema kobe atafika kwenye kiti au atapitiliza.)

Kusema kabla kunafanya jambo la pili pia. Watoto wengi, na watu wazima wanaoanza vilevile, wanaamini kimoyomoyo kwamba ndani ya mashine kuna akili inayoelewa nia yao. Mtafiti Roy Pea aliliandika hilo mwaka 1986, akalitaja kuwa chimbuko la makosa mengi ya wanaojifunza. Mtoto anakwambia, "Lakini ilijua nataka pembetatu!" Haikujua. Ilitekeleza ulichoandika, neno kwa neno. Aliyetamka matarajio yake kwa sauti ana kitu cha kulinganisha na kilichotokea, na pengo kati ya hivyo viwili haliwezi tena kufichwa. Asiyetamka hukubaliana na chochote kinachojitokeza na kusema ndicho alichotaka.

Mtaniuliza kuhusu zana za siku hizi. Scratch, lugha ya programu ya watoto iliyotolewa mwaka 2007 na MIT, chuo kikuu cha teknolojia huko Marekani, imemwondolea mtoto adha ya kuchapa: anaunganisha vipande vya rangi, na kisichofaa mahali fulani hakishikani. ScratchJr ikafuata mwaka 2014 kwa wa miaka mitano hadi saba, amri zake zikiwa picha badala ya maneno. Nazipenda zote mbili, nazitumia. Ila wepesi wake una gharama. Kujaribu kunapokuwa bure kabisa, kufikiri kunaonekana hasara. Nimetazama watoto wakiburuta vipande kama wanaochanganya karata, wakibonyeza bendera ya kijani, kitufe cha kuendesha programu, kila baada ya pumzi mbili. Wanafurahi, hilo silikatai. Lakini kipindi kinaisha na huwezi kuwauliza swali moja wakalijibu.

Radia Perlman aliliona jambo linalokaribiana na hili miaka ya 1970 hukohuko MIT. Wengi wanamfahamu kwa kazi yake ya baadaye kwenye mitandao ya kompyuta. Wachache wanajua kwamba aliwatengenezea watoto wa chekechea masanduku ya vitufe ya kumwongoza kobe. Sanduku la mwanzo lilitekeleza papo hapo: bonyeza mbele, kobe anakwenda mbele. Baadaye ndipo mtoto alipoongezewa sanduku la kumbukumbu: vitufe alivyobonyeza vinawekwa, kisha kobe anavitekeleza vyote kwa mfululizo. Mpangilio huo una hekima. Kati ya sanduku la kwanza na la kumbukumbu ndipo uandishi wa programu unapoanza, maana sasa amri inatolewa saa hii kwa ajili ya tendo litakalokuja baadaye, na mtoto analazimika kuliona kichwani kabla ya kuliona sakafuni.

Sasa niseme neno kwa wazazi, na samahani kwa wauzaji wa kozi kama wapo humu. Mmeahidiwa kwamba mtoto akijifunza kuandika programu atakuwa hodari wa kupanga na kufikiri katika kila jambo. Ahadi hiyo ilipimwa zamani. Pea na Midian Kurland, mwaka 1984, waliwapa kazi ya kupanga shughuli za darasani watoto waliojifunza Logo kwa mwaka mmoja, wakawalinganisha na ambao hawakujifunza. Hawakupata tofauti ya maana. Logo peke yake haikuwafanya wapangaji bora.

Miaka minne baadaye watafiti David Klahr na Sharon Carver wakafanya kitu tofauti. Hawakuwaachia watoto wacheze na Logo na kungoja hekima iote. Waliwafundisha waziwazi kutafuta kosa: eleza ulichotaka, eleza kilichotokea, tofauti iko wapi, ni kosa la namna gani linaloweza kuleta tofauti hiyo, sehemu gani ya programu ichunguzwe kwanza. Watoto hao wakawa wazuri zaidi hata katika kusahihisha maelekezo ya kawaida yaliyoandikwa, yasiyohusu kompyuta kabisa. Tazameni hatua ya kwanza ni ipi. Huwezi kueleza ulichotaka kama hukuwahi kutaka kitu mahususi.

Kwa mwalimu hili linadai nidhamu ya mikono. Mtoto anapokwama, usishike kipanya chake. Usimwonyeshe mstari wenye kosa. Mwambie akusomee programu yake kwa kidole, amri moja moja, na kila amri aseme kobe yuko wapi na anatazama wapi. Mara nyingi atanyamaza katikati ya sentensi, nawe utajua kosa limeonekana. Inachukua muda, na wenzake kumi wanakuita, na mkono unawasha. Vumilia.

Na mashine zikiwa chache, msihuzunike sana. Wakae wawili kwa kompyuta moja. Mmoja anashika kibodi. Mwingine hagusi kitu, kazi yake ni kusema itatokea nini, na mwenye kibodi haruhusiwi kubonyeza mpaka mwenzake aseme. Wakibishana, kila mmoja aandike utabiri wake kwenye karatasi kwanza. Baada ya dakika kumi wabadilishane. Msibadilishe kwa kusubiri mmoja achoke, kwa sababu aliyeshika kibodi huwa hachoki.