Gari Langu Liko Lunga Lunga, Afande Yuko Posta

Sabalkheri wapenzi, hamjambo nyote? Leo sina taa ya mduara, sina wanja, na kilemba hiki ndicho nilichotoka nacho kazini. Nimeingia sasa hivi, zamu ya usiku imenimaliza, na huku Leeds nje ni ile mvua ya kunyunyiza, hainyeshi na haiachi. Ngojeni nipunguze jiko, chai isije ikafurika.

Haya. Tangu mwezi wa pili mnaniuliza, "Dada, lile gari liliishia wapi?" Nami nawakwepa. Nawapikia mahamri, nawaonyesha theluji, nawapeleka sokoni, ilimradi nisiulizwe habari za gari. Ilikuwa ni haya tu, hakuna jingine. Leo nimeamua kusema, kwa sababu juzi dada mmoja wa Doha amenitumia ujumbe kwamba naye anataka kununua gari alikodishe huko nyumbani, na alivyoandika ni kama nilivyokuwa nikisema mie mwenyewe, neno kwa neno.

Nilinunua Fielder. Mwajua Kenya gari la mtumba likishapita miaka 8 haliingii, basi hili langu liliponea ukingoni. Lilishushwa Kilindini, likasajiliwa, nikaletewa picha ya kitabu cha gari chenye jina langu. Nililia, wallahi, nikiwa chumba cha kubadilishia nguo hospitalini. Krismasi mbili nilifanya kazi wenzangu wakila bata mzinga kwao. Gari likakabidhiwa bin ami yangu, alikodishe 3,500 kwa siku, yeye achukue fungu lake, zinazobaki zimnunulie mamangu dawa za presha. Miezi mitano mambo yalikuwa mazuri mpaka nikaanza kutafuta la pili.

Sasa sikilizeni mteja mwenyewe alivyokuja. Bin ami anasema alivaa kanzu imepigwa pasi mpaka inakata, na harufu ya udi ilifika kabla yake. Anakwenda harusini Malindi, anataka gari siku tano. Akahesabu 17,500 taslimu, hakuomba kupunguziwa hata shilingi mia. Hapo ndipo bin ami alipotakiwa kushtuka! Mtu wa Mombasa asiyeomba kupunguziwa? Bibi yangu, Mungu amrehemu, fungu la mchicha la shilingi kumi alikuwa akiomba na nyongeza. Lakini pesa taslimu zina ukungu wake. Kitambulisho kikapigwa kopi, mkataba ukasainiwa juu ya boneti, ufunguo ukatolewa. Baadaye tukaja kujua kitambulisho ni cha kweli, ila mwenyewe ni seremala wa watu aliyekipoteza kitambo. Ile kopi ilikuwa nyeusi mpaka sura ingekuwa yangu mie ungekubali.

Siku ya sita, simu ya mteja haipatikani. Mie sikuwa na wasiwasi sana, kwa sababu nilikuwa na traka. Nilikinunua kile kidude huku mtandaoni, cha sumaku, kinabandikwa chini ya gari. Nafungua programu, naona gari liko Kongowea. Alhamdulillahi. Baada ya nusu saa liko Nyali. Tena Kongowea. Tena Nyali. Tena Bombolulu. Siku mbili nzima nimekaa na simu nikilitazama gari langu likienda na kurudi, nikajiambia huyu kaka ana harusi gani hii. Bin ami akalifuata kwa bodaboda mpaka akalikuta. Ilikuwa tuktuk! Yule bwana alikibandua kidude akakibandika chini ya tuktuk ya mtu, na mwenye tuktuk alipoonyeshwa alisema, "Kumbe ndicho kinachogonga kila nikipita tuta!"

Chekeni. Mie nilikuwa sicheki.

Bin ami akaenda kituoni. Kituo sikitaji, na afande simtaji, msiulize kwenye maoni. Kuandikisha taarifa kwenye OB, kile kitabu cha matukio cha kituoni, ni bure, hilo alipata, akapewa na nambari. Lakini wa pale kaunta akamwambia, "Hii si wizi. Mlikubaliana, mkataba huu hapa, ufunguo ulimpa mwenyewe. Hii ni kesi ya madai, tafuteni wakili." Akanyamaza kidogo. Kisha akasema, "Ila tunaweza kusaidiana."

Hilo la madai si kweli. Niliambiwa na wakili, lakini baada ya wiki tisa. Sheria yetu ya adhabu, kifungu cha 268, haisemi kuiba ni kunyakua tu. Ukikabidhiwa kitu kwa ridhaa, halafu ukakigeuza chako kwa hila, umeiba. Na ikiwa ni gari, kipo kifungu cha 278A, kifungo ni miaka 7. Bin ami angeyajua maneno hayo siku ile pale kaunta, sijui mambo yangekwendaje. Mie nilimwambia, "Basi saidianeni, nitatuma."

Nikatuma 2,000 za mafuta ya gari la polisi. Nikatuma 5,000 za kutafuta simu ya mteja ilipo. Afande akanipigia mwenyewe kwa WhatsApp, sauti tamu, "Pole sana dada yetu, sisi tuko kazini." Huku saa nane za usiku, kwenu saa kumi na moja alfajiri, nami niko kwenye korido ya wodi nimejibana ukutani nikimshukuru. Nikamwita kaka. Halafu siku moja akasema gari limeonekana Lunga Lunga, linataka kuvushwa kwenda Tanzania, na wao wako tayari kwenda, ila ni maafisa watatu, kuna chakula, kuna kulala. Akataka 18,000.

Nami niliamini, si kwa ujinga mtupu. Gari la wizi la Pwani kwenda mpakani si hadithi, zipo njia za panya huko. Zamani wa kutoka kisiwani angekwama kwenye foleni ya feri pale Likoni, watu wakamwona. Siku hizi unashika Dongo Kundu, unapita daraja la Mteza, unatokea Kibundani hata bahari hujainusa, na ukishafika barabara ya Ukunda mbele ni wewe na lami. Kwa hiyo nilituma. Zilikuwa pesa za kodi ya nyumba yangu huku.

Kesho yake napata ujumbe wa sauti. "Dada, tumefika Lunga Lunga, tunalifuatilia, omba Mungu." Nikausikiliza wodini, nikaitikia amin. Saa ya mapumziko nikautia kwenye vipokea sauti niusikie vizuri. Nyuma ya sauti ya afande, mbali kidogo, kuna kijana anapiga kelele. Nikaurudisha. Nikaurudisha tena. "Feri-feri-feri! Posta! Mama twende, moja tu, Posta!"

Wapenzi, mie nimezaliwa Majengo. Matatu za Mombasa nimezidandia na sare ya shule. Lunga Lunga hakuna makanga wa kuita Posta! Afande alikuwa mjini, pengine ameagiza viazi karai na ukwaju kwa pesa zangu.

Mwadhani nilimtolea uvivu? Thubutu. Nilimwandikia, "Asante kaka, Mungu awalinde." Niliogopa nikimuudhi ataliacha faili. Na wiki iliyofuata nikatuma 12,000 nyingine. Jumla 37,000. Hilo ndilo lililokuwa likinitia haya miezi yote hii, si kuibiwa.

Nimelifikiria sana jambo hili nikiwa ndani ya basi la kurudi nyumbani alfajiri. Mamangu aliwahi kuzungushwa ofisi fulani kwa hati ya kiwanja. Hakuwa na pesa za kumpa mtu. Alichukua chupa ya chai na mkeka, kila asubuhi akaenda kukaa kwenye benchi lao. Anawasalimia wakiingia, anawasalimia wakitoka, anawauliza habari za watoto. Wiki ya tatu walimpa hati yake ili waondokane naye. Mtu wa ughaibuni benchi hana. Simu yetu ikilia wajua inakuja na pesa, na faili likishaanza kumlisha mtu, ataka lifungwe ya nini? Kila nilipotuma, nilikuwa nalichelewesha gari langu mwenyewe, na naona bin ami alilijua hilo mapema kuliko mie ila aliona aibu kuniambia dada yake mkubwa.

Na jambo jingine, kabla hamjanihurumia. Mtoaji naye ni mkosaji. Sheria ya hongo ya 2016 inamkamata anayepokea na anayetoa, na adhabu inafika miaka 10 au faini ya milioni 5. Wakili aliponisomea nilimwambia rudia. Akarudia.

Bima? Msiniulize bima. Karatasi yangu iliandikwa gari la matumizi binafsi, na mimi nalikodisha. Na hata ningelipa ile ya biashara, kulikuwa na mstari chini, herufi kama chawa, kwamba mtu uliyemkabidhi gari mwenyewe akikimbia nalo, hawalipi. Yasomeni hayo kwanza, rangi ya gari mtachagua baadaye.

Gari lilipatikanaje? Fundi. Kuna fundi aliyewahi kututengenezea mlango wa nyuma, upande wa kushoto, mjomba alipougonga kwa mkokoteni wa maji. Rangi haikukaa sawa, kuna alama kama ramani ya Pemba. Fundi ameitwa Mtwapa, kwenye ua wa mtu mmoja anayekopesha pesa, shailoki, atengeneze gari jingine. Anaosha mikono, anaiona Pemba yake. Nambari za gari ni nyingine, lakini mlango ni ule ule. Akalipiga picha, akamtumia bin ami: "Hili si la yule dada wa Uingereza?"

Halikwenda Tanzania, halikuchinjwa kwa vipuri. Liliwekwa rehani, siku ile ile ya harusi, kwa 250,000, na mkataba bandia wa mauzo wenye sahihi yangu. Sahihi nzuri kuliko yangu. Safari hii hatukumpigia kaka afande. Wakili aliandika barua, ikapelekwa kwa wakubwa wake wa kazi, na bin ami akaenda Mtwapa na maafisa wengine, ambao kwa kweli hawakuomba hata maji ya kunywa, na hilo lazima niliseme. Shailoki akapandwa na hasira, naye ameibiwa, ana haki. Katika kufoka kwake akasema, "Mbona mwenzenu alishafika hapa zamani, tukaelewana!" Walipomuuliza mwenzetu yupi, akatoa simu akaonyesha jina. Bin ami akanitumia jina. Nilikuwa nalo kwenye simu yangu. Kaka.

Alikuwa akijua. Kwa hesabu za yule bwana, alifika pale kabla ya safari ya Lunga Lunga. Analipwa Mtwapa anyamaze, analipwa Leeds atafute.

Basi gari likawa kielelezo cha kesi, likalazwa uani kituoni, chini ya mwarobaini. Mtu akataka 20,000 litoke. Nikakataa. Mie, mwoga wa juzi, nikasema sitoi. Wakili akaenda mahakamani kuomba lipigwe picha, picha ndizo zibaki kwenye kesi, gari nipewe. Ilichukua wiki 11. Hakimu alikubali, bin ami akashinda anakwenda na kurudi na karatasi. Ndani ya wiki hizo betri ilipata miguu, na tairi mbili zilizeeka kwa usiku mmoja, zikawa vipara. Malalamiko yangu nimeyaandikia IPOA, ile mamlaka huru ya kusimamia polisi, pamoja na ule ujumbe wa sauti wenye makanga ndani yake. Nimepewa nambari. Yule wa udi hajaonekana mpaka leo.

Dada wa Doha, kama unanisikiliza: hati ya uwakili, ile ya kumpa mtu mamlaka ya kutenda kwa niaba yako, isaini kabla hujanunua hata matandiko ya viti, iwe na mtu wako nyumbani. Mie niliihitaji haraka, na kumtafuta huku mthibitishaji hati siku za sikukuu nilikiona cha moto. Na huyo mtu wako awe ni mtu wa kukaa kwenye benchi.

Gari sasa liko uani kwa mjomba, juu ya mawe. Mamangu alinipigia Ijumaa kunionyesha kuku amepata pa kutagia, kiti cha nyuma, mayai sita. Anasema tusilitengeneze kwanza mpaka aangue.

Chai imepoa. Ah, na hii nilitaka kuwaonyesha, ngojeni nisogeze simu, imeingia jana. Mnaiona? "Habari ya baridi dada yetu. Umetutupa. Kuna kijana analijua gari lako, tuongee." Alama mbili za bluu, ashajua nimesoma.