Welisi Mwaka 1966: Kura ya Carmarthen na Kifusi cha Aberfan

Mabibi na mabwana, ndugu wasikilizaji,

Mmeniomba niwazungumzie Wawelisi, watu wa Welisi (Wales), nchi ndogo iliyo magharibi mwa Uingereza, nami nimechagua mwaka mmoja tu wa maisha yao, 1966, kwa sababu ndani ya miezi minne ya mwaka huo watu wale walipiga kura ambayo hakuna aliyeitarajia, kisha wakazika watoto ambao hawakustahili kufa. Matukio hayo mawili husimuliwa mbali mbali, moja katika historia ya siasa na jingine katika historia ya misiba. Mimi nitayasimulia pamoja, kwani yote mawili yanahusu watu waliosema na wasisikilizwe.

Lazima nirudi nyuma kidogo. Tarehe 1 Januari 1947 serikali iliitaifisha migodi ya makaa ya mawe, na kwenye malango ya migodi yakawekwa mabango yaliyotangaza kwamba tangu siku hiyo Bodi ya Taifa ya Makaa inaiendesha kwa niaba ya wananchi. Katika mabonde ya kusini mwa Welisi, ambako wazee walikuwa bado wanaikumbuka miezi ya mwaka 1926 waliyofungiwa nje ya migodi hadi njaa ikawarudisha kazini kwa ujira mdogo zaidi, siku hiyo ilikuwa ya furaha ya kweli. Mgodi ulikuwa wao sasa. Serikali iliyoutaifisha ilikuwa ya chama cha Labour, chama chao, na hata uchaguzi mkuu wa Machi 1966 ulipofika, Labour ilitwaa viti 32 kati ya viti 36 vya Welisi.

Kwa hiyo lililotokea Carmarthen tarehe 14 Julai liliwashangaza wengi. Mbunge wa jimbo hilo, Megan Lloyd George, binti wa waziri mkuu wa zamani, alifariki dunia mwezi Mei, wiki chache tu baada ya kuchaguliwa tena, na katika uchaguzi mdogo uliofuata wapiga kura walimchagua Gwynfor Evans, kiongozi wa Plaid Cymru, chama cha kutetea taifa la Welisi kilichodumu zaidi ya miaka 40 bila kupata kiti hata kimoja bungeni. Alishinda kwa tofauti ya kura 2,436. Alipofika London aliomba kula kiapo kwa Kiwelisi, lugha ya kwanza ya wengi miongoni mwa waliompigia kura, naye akakataliwa. Sisi tunaozungumza Kiswahili bungeni bila kuomba ruhusa ya mtu tungefanya vyema kulitafakari jambo hilo.

Kura ile haikuzuka hewani. Mwaka uliotangulia, bonde la Tryweryn, kaskazini mwa Welisi, lilikuwa limefunikwa na maji ili jiji la Liverpool lililoko Uingereza lipate hifadhi ya maji yake. Kijiji cha Capel Celyn, ambacho watu wake waliishi kwa Kiwelisi nyumbani, shuleni na kanisani, kilizama pamoja na makaburi yake. Muswada uliolikabidhi bonde hilo kwa Liverpool ulipitishwa mwaka 1957 ingawa karibu wabunge wote wa Welisi waliupinga.

Sasa tuingie Aberfan, kijiji cha wachimba makaa karibu na mji wa Merthyr Tydfil. Hapa ndipo ninapotaka kukaa kwa muda mrefu zaidi.

Juu ya kijiji, mlimani, mgodi wa Merthyr Vale ulikuwa ukimwaga mawe na tope lililobaki baada ya makaa kusafishwa. Lundo la saba lilianzishwa mwaka 1958, na kufikia 1966 lilikuwa na kimo cha zaidi ya mita 30. Lilijengwa juu ya chemchemi. Chemchemi hizo hazikuwa siri: zilichorwa kwenye ramani za serikali, na wanakijiji walizijua kwa miguu yao, kwa kuwa watoto wao walicheza huko. Malundo ya mlima huo yalikuwa yamewahi kuporomoka, mwaka 1944 na tena mwaka 1963. Mwaka huo wa 1963 mhandisi wa halmashauri ya Merthyr aliandika barua kuhusu hatari ya tope linalomwagwa nyuma ya shule za Pantglas, na baadaye akina mama walipeleka malalamiko yao kuhusu maji machafu yaliyokuwa yakifurika shuleni. Barua zilijibiwa kwa maneno laini, na umwagaji ukaendelea.

Asubuhi ya Ijumaa, tarehe 21 Oktoba, ukungu ulilifunika bonde huku jua likiwaka juu mlimani. Watoto wa shule ya msingi ya Pantglas walikuwa wamebakiza nusu siku tu kabla ya likizo fupi. Wafanyakazi waliofika kileleni mwa lundo waliona limetitia, na mmoja wao akateremka kwa miguu kwenda kutoa taarifa, kwani waya wa simu ulikuwa umeibwa. Yapata saa tatu na robo lundo liliponyoka. Kwa sababu ya ukungu, waliokuwa bondeni waliusikia mngurumo bila kuona kilichokuwa kinawajia. Tope zito jeusi liliikumba shule na nyumba za jirani, likatulia na kuanza kuganda.

Wachimbaji walipanda kutoka chini ya ardhi wakakimbilia shuleni na makoleo yao, na wengi wao walikuwa wakichimba kuwatafuta watoto wao wenyewe. Kila baada ya muda filimbi ilipulizwa, na mamia ya watu waliokuwa wakichimba, kubeba na kulia walinyamaza kimya kabisa ili wasikie kama kuna sauti chini ya tope. Baada ya saa tano asubuhi hakuna aliyetolewa akiwa hai. Walikufa watu 144, na kati yao watoto walikuwa 116, wengi wao wenye umri wa kati ya miaka 7 na 10. Watoto 109 walifia shuleni, pamoja na walimu watano.

Siku chache baadaye, katika kikao cha kuthibitisha sababu za vifo, mtoto mmoja alitajwa kwamba amekufa kwa kukosa hewa. Baba yake alikataa. Alitaka iandikwe kwamba mwanawe amefukiwa akiwa hai na Bodi ya Taifa ya Makaa. Nimeyasoma maneno ya baba huyo mara nyingi, na kila mara nalikumbuka lile bango la 1947: kwa niaba ya wananchi.

Mwenyekiti wa Bodi, Lord Robens, alidai kwamba haikuwezekana kujua kuwa palikuwa na chemchemi ndani ya lundo. Baraza la uchunguzi lililoongozwa na Jaji Edmund Davies, mzaliwa wa Mountain Ash, bonde la jirani, lilianza kazi kabla mwaka haujaisha, likakaa siku 76, likasikiliza mashahidi 136, na mwaka 1967 likatamka kwamba lawama ni ya Bodi. Hakuna aliyeshtakiwa wala aliyefukuzwa kazi. Robens aliendelea na uenyekiti wake hadi 1971.

Malundo mengine yalibaki juu ya kijiji. Kila mvua iliponyesha, wazazi ambao watoto wao walinusurika waliinua macho mlimani. Bodi haikutaka kubeba gharama ya kuyaondoa, na mwishowe wanakijiji walikwenda Cardiff, mji mkuu wa Welisi, wakamwaga tope la mgodi ndani ya ofisi ya serikali iliyokuwa ikishughulikia Welisi. Hapo ndipo serikali ilipokubali kuyaondoa, lakini ikachukua pauni 150,000 kutoka mfuko wa rambirambi ambao watu wa kila aina walikuwa wameuchangia kwa ajili ya wafiwa. Fedha hizo zilirudishwa mwaka 1997, pauni 150,000 zile zile, bila riba.