Mtoto wa Simba Si wa Kupakatwa

Ndugu zangu, mwenyekiti ameanza kuangalia saa kabla sijafungua mdomo. Anajua ninakoelekea. Mliokwisha kunisikia nivumilieni, maana narudi palepale, kwa watoto wa simba.

Picha mmeziona. Kijana ameketi majanini, amempakata mtoto wa simba, anamnywesha maziwa kwa chupa, na ameandika kwamba anahifadhi wanyamapori. Amelipa nauli na ada ya kila wiki kwenda kujitolea Afrika Kusini, kwa moyo safi kabisa. Moyo wake sina ugomvi nao. Nauliza tu: mama wa huyo simba yuko wapi?

Ataambiwa amekufa, au amemkataa mwanawe. Haya, hutokea. Lakini mwezi ujao wakiletwa yatima wengine watatu, na ujao tena wanne, huo ni msiba wa namna gani usiokwisha? Porini, simba jike hukaa na watoto wake karibu miaka 2 kabla ya kuzaa tena. Mfugaji wa biashara akimnyang'anya watoto wangali wachanga, jike huwa tayari kupandwa tena upesi, na mimba yake ni siku 110 hivi. Hesabu fanyeni wenyewe. Huyo yatima ametengenezwa, na ada yako ndiyo iliyomtengeneza.

Je, akikua? Simba wa mwaka mmoja na nusu hapakatiki. Wapo waliouzwa wapigwe risasi ndani ya uzio wasioweza kuuruka, na wapo waliouzwa mifupa. Wala sisemi uvumi. Mwaka 2017 serikali ya huko iliruhusu mifupa ya simba 800 wa kufugwa isafirishwe nje. Mwaka 2019 mahakama kuu mjini Pretoria ikasema viwango vya mifupa ya kusafirishwa, cha 2017 na cha 2018, viliwekwa kinyume cha sheria. Mei 2021 Barbara Creecy, waziri wa mazingira wa huko wakati huo, akatangaza kwamba biashara ya kufuga simba inapaswa kukomeshwa. Kutangaza ni siku moja, kukomesha ni miaka.

Najua kuna mtu hapo nyuma anataka kusema, "Lakini watarudishwa porini." Bwana, simba aliyelelewa mikononi mwa watu hamwogopi binadamu. Umwachie wapi? Karibu na boma la nani? Simba wa porini wanapungua kwa kukosa ardhi na mawindo, na kwa mitego na sumu. Chupa ya maziwa inatibu lipi kati ya hayo?

Basi tukae nyumbani? Sikusema hivyo! Nendeni Tortuguero, Costa Rica, ambako kasa wanafuatiliwa tangu Archie Carr alipoanza kuwatafiti miaka ya 1950. Kazi yenyewe ni kutembea ufukweni usiku, mara nyingi mvuani, na taa nyekundu hafifu, bila kumulika simu. Mnapima gamba, mnahesabu mayai, mnaandika. Kasa hakuangalii, wala hakushukuru. Usiku mwingine haonekani hata mmoja, nanyi mnaandika hivyohivyo, kwa sababu sifuri nayo ni takwimu. Ukiniuliza mradi mzuri ni upi, nitakwambia utafute ule unaochosha.

Nilikuwa na mengi kuhusu tembo wa kupandwa na watalii, lakini naonyeshwa mkono. Sokwe, kwa kifupi: mafua yako yanaweza kumuua. Mradi unaokuruhusu kumkumbatia bila barakoa hauna daktari, au una daktari asiyesikilizwa.

Chanjo ya kichaa cha mbwa mchanje kabla ya safari, msingoje kuumwa. Na viza: nchi nyingi huhesabu kujitolea kuwa ni kazi hata kama hulipwi senti, kwa hiyo viza ya utalii huenda isitoshe. Ulizeni ubalozi. Wakala msimuulize, yeye tayari ana pesa yenu.