Kabla ya Kumwambia Mgonjwa wa Sonona "Sema"

Mhadhara kwa walimu, viongozi wa dini na wanachama wa vikundi vya kuweka na kukopa, Morogoro, Siku ya Afya ya Akili Duniani, 10 Oktoba

Wazee wangu, shikamooni. Walimu, akina mama wa vikundi, vijana wa bodaboda mlioegesha pikipiki hapo nje, asanteni kwa kuja. Mimi ni muuguzi wa afya ya akili. Wagonjwa wangu wengi huletwa kwa kificho. Wengine wanapita hospitali ya wilaya yao, wanasafiri mpaka kwetu, ili tu jirani asiwaone wakiingia mlango ule.

Kila mwaka siku kama ya leo tunavaa fulana, tunaandamana, tunawahimiza wagonjwa waseme. Leo sitawaambia wagonjwa neno hilo. Nataka kuzungumza na sisi tunaoambiwa. Wengi ninaowahudumia walishasema zamani. Walimwambia mume, mama, bosi, kiongozi wao wa ibada. Wakajibiwa "jikaze". Wakajibiwa "unadeka", au "mbona wenzako wana shida kuliko zako". Mtu akijibiwa hivyo mara moja, ya pili hasemi. Kuanzia hapo anaugua kimya kimya, na sisi tunakuja kushangaa msibani: "Lakini jana tulikuwa naye, alikuwa anacheka!"

Tuelewane kwanza tunazungumzia nini. Huzuni kila mtu anayo. Umefiwa, umeachwa, mazao yamekauka, utalia, na siku zikienda utaanza kula na kucheka. Sonona inakaa. Tunaihesabu pale hali ile inapodumu wiki mbili au zaidi, karibu kila siku: moyo mzito au kutosikia raha ya kitu chochote, usingizi kuharibika, chakula kutopita au kula kupita kiasi, mwili kuchoka bila kazi, akili kushindwa kutulia kwenye jambo, mtu kujiona hafai na kujilaumu kwa kila kitu, na wakati mwingine kutamani kufa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 280 wanaishi na ugonjwa huu. Wanawake wanaugua zaidi ya wanaume, na wanaume ndio wanaojiua zaidi.

Tatizo ni kwamba kwetu sonona haiji hospitali ikiwa imejitambulisha. Inakuja kama kichwa, kifua kubana, mgongo kuwaka moto, moyo kwenda mbio, ganzi. Alikuja baba mmoja, fundi seremala, amebeba mfuko wa rambo umejaa vyeti na madaftari ya matibabu. Nikavitandaza mezani. Malaria, malaria tena, taifodi, vidonda vya tumbo, UTI, picha ya mgongo isiyoonyesha kitu. Dawa zote hizo alikuwa ameshameza. Nikamuuliza, "Baba, usingizi vipi?" Akasema analala saa nne, saa tisa usiku yuko macho, anaangalia dari mpaka adhana ya alfajiri. "Na kazi?" Akasema anaishika randa, anaiweka. Mbao za mteja zipo pale karakana, kila siku anaziangalia tu. Nikamuuliza kama huwa anaona afadhali asingekuwepo. Akanyamaza, halafu akaangalia kalamu yangu. "Hilo unaliandika?"

Ndugu zangu, hapo ndipo unyanyapaa ulipo. Hakuniuliza atapona lini. Aliuliza kama karatasi ile itaonwa na watu. Na mkewe, mama mwema aliyemsindikiza, alishawaambia wakwe kwamba mumewe ana presha. Presha inaruhusiwa. Mwenye presha anapikiwa chakula kisicho na chumvi, anapigiwa simu za pole. Mwenye sonona anaambiwa ni chizi, anasubiriwa apelekwe Mirembe. Na Mirembe pale Dodoma ni hospitali ya taifa ya afya ya akili, watu wanatibiwa pale na kurudi nyumbani kwao, lakini jina lake tumeligeuza tusi la kutupiana kijiweni. Wakenya wamefanya hivyohivyo na Mathari ya Nairobi, hospitali iliyopo tangu 1910.

Yule fundi alianza dawa na mazungumzo. Dawa za sonona zinahitaji subira. Wiki za mwanzo mgonjwa anaweza kuona madhara madogo, kichefuchefu au kinywa kukauka, kabla hajaona faida. Nafuu huanza baada ya wiki mbili mpaka nne, au hata zaidi. Na akishapata nafuu haachi hapohapo. Anaendelea miezi tisa hivi mpaka mwaka, na anaziacha polepole kwa maelekezo ya daktari. Wengi wanaharibikiwa hapa katikati, kwa sababu kuna ndugu amemwambia "hizo dawa za vichaa zitakuharibu kichwa", naye akazitupa chooni. Ndugu huyo hana ubaya. Anaogopa tu, na hakuna mtu aliyewahi kumweleza.

Kuna watu wanasema unyanyapaa ni mila zetu, hauondoki. Mimi sikubali, na ushahidi wangu ni UKIMWI. Wagonjwa wa kwanza nchini waliripotiwa Kagera mwaka 1983. Wazee mliopo hapa mnakumbuka miaka iliyofuata: chombo cha mgonjwa kinatengwa, mjane anafukuzwa, watu wanadai amerogwa. Mwaka 2004 serikali ikaanza kutoa dawa za kufubaza virusi bure. Watu waliokuwa wamebebwa kwenye machela wakaonekana wako shambani wanapalilia. Kwa maoni yangu hilo lilivunja aibu kuliko mabango yote. Jirani alimwona jirani ameinuka.

Sasa vukeni mpaka wa Kagera upande wa Uganda, mnaingia Rakai, na mbele yake Masaka. Ni ardhi ileile iliyopigwa na UKIMWI, nyumba zilizobaki na mabibi na yatima. Mwaka 2002 watafiti walifanya jaribio huko katika vijiji 30. Katika nusu ya vijiji hivyo, watu wenye sonona walikaa kwenye vikundi, wanawake peke yao na wanaume peke yao, mara moja kwa wiki kwa wiki 16, kila kikao dakika tisini hivi. Waliowaongoza walikuwa watu wa hukohuko, wanaozungumza lugha yao, waliofundishwa kwa wiki mbili. Daktari wa akili hakuwepo kikaoni, na dawa hazikutolewa. Walizungumzia misiba, ugomvi wa nyumbani, maisha kubadilika ghafla, upweke. Kabla ya kuanza, asilimia 86 ya waliokuwa kwenye vikundi walikuwa na sonona. Mwisho walibaki asilimia 6.5. Katika vijiji visivyopata vikundi waliteremka pia, lakini kutoka asilimia 94 mpaka 54.7 tu. Na miezi sita baadaye nafuu ile ilikuwa bado ipo.

Nimeyataja kwa kirefu kwa ajili yenu, akina mama wa vikundi. Ninyi mnakutana kila wiki. Mnajuana, mnajua nani kapungua, nani ameacha kujisuka, nani hachangii tena mazungumzo. Lakini pia niwaambie ukweli: deni ni mojawapo ya mambo ninayoyakuta sana nyuma ya sonona ya akina mama, hasa ile mikopo ya kausha damu. Mama anakopa huku alipe kule, siku ya marejesho inafika, wanamjia nyumbani wanachukua televisheni na kitanda mbele ya watoto. Kikundi kikimwimbia nyimbo za kumdhihaki mwenye deni, kimemfunga mdomo. Siku anayosema "sina", muulizeni kwanza "una hali gani?" Hesabu za pesa zije baadaye.

Viongozi wa dini, sijaja kushindana na maombi wala dua. Wagonjwa wangu wengi wanasali, na ibada inawashika. Ninachoomba ni kwamba msimwambie mtu kuwa anaugua kwa sababu imani yake haitoshi. Nabii Eliya alikaa chini ya mti akaomba afe. Hakukemewa. Malaika alimgusa, akampa mkate na maji, akamwacha alale, akamletea chakula tena. Nabii Yaaqub alimlilia Yusuf mpaka macho yake yakawa meupe kwa huzuni, na hakuna anayethubutu kusema hakuwa na imani. Mwombeeni mgonjwa, halafu mwambieni kesho aende kliniki. Mkimsindikiza itakuwa bora zaidi.

Sheria nayo inahitaji kusemwa. Huku Tanzania Bara, Kanuni ya Adhabu bado inahesabu kujaribu kujiua kuwa kosa la jinai. Maana yake familia inayomwokoa mtoto wao inaogopa polisi, inadanganya hospitali kwamba alikunywa kwa bahati mbaya, na sisi tunatibu tumbo tu, tunamrudisha nyumbani na kilekile kilichomfikisha pale. Januari 2025 Mahakama Kuu ya Kenya ilitamka kwamba kifungu chao cha namna hiyo kinakiuka Katiba. Naamini na sisi tunapaswa kufika huko, na nawaomba mnaokaa na wabunge mlizungumze.

Nimalizie na swali ambalo watu wanaliogopa kuliko yote. Ukimwona mtu amebadilika, anagawa vitu vyake, anaaga aga, anasema ninyi mngepumzika kama yeye asingekuwepo, muulize wazi: "Unafikiria kujiua?" Kumuuliza hakumpandikizii wazo hilo. Kama lipo, lilikuwepo kabla yako, na wengi wakiulizwa kwa upole wanapumua. Akisema ndiyo, usimhubirie. Usimwapishe. Kaa naye, usimwache peke yake. Sumu ya panya na dawa za shamba ziondoke ndani, zifungiwe mahali asipofika. Mtafute mtu mmoja anayemwamini, na mumpeleke hospitali siku hiyohiyo. Si lazima iwe Mirembe, anzieni kituo kilicho karibu. Na asipoelewana vizuri na daktari wa kwanza, mpelekeni kwa wa pili.

Mwenyekiti, muda niliopewa umekwisha. Maswali ya hadharani tuyaanze sasa. Mwenye swali lisilofaa kusikiwa na watu, nitabaki kwenye kile chumba cha pembeni mpaka saa kumi na moja, na sitakuwa na kalamu.