Feni ya hita ya propeni kwenye karavani: jinsi inavyoanza, inavyosimama na inapogoma

Karibu mtazamaji. Leo tunafungua mlango wa hita ya gesi ya karavani, yaani trela la kulala linalovutwa na gari, tuifuate feni yake tangu inapoanza kuzunguka mpaka inaposimama. Uwe na multimita (kipima umeme), bisibisi, brashi laini, maji ya sabuni na saa ya kuhesabu sekunde. Saa ya simu inatosha.

Kabla ya yote, bonyeza kitufe cha majaribio kwenye king'ora cha kaboni monoksidi, gesi ya sumu isiyo na harufu. Kama hakilii, badilisha betri yake au king'ora chenyewe, ndipo uendelee. Jua pia kwamba propeni ni nzito kuliko hewa, kwa hiyo ikivuja hutuama sakafuni. Ukisikia harufu yake ndani, usiguse swichi yoyote: watoe watu nje, acha mlango wazi, kisha funga mtungi.

Sasa tazama hapa kwenye hita yenyewe. Mota ni moja, lakini mhimili wake umebeba feni mbili, moja kila upande. Feni hii kubwa huvuta hewa ya chumbani, huipitisha juu ya chemba yenye moto na kuisukuma kwenye mabomba ya sakafuni. Hii ndogo huvuta hewa ya nje, huiingiza ndani ya chemba na kuutoa moshi nje kupitia ukutani. Hewa hizi mbili hazikutani kamwe, zimetengwa na bati la chemba. Bati likipasuka, moshi unaingia chumbani. Chemba iliyopasuka haichomelewi wala kuzibwa, hubadilishwa.

Kwa kuwa feni ndogo ndiyo inayoulisha moto hewa, feni lazima ianze kabla ya moto na isimame baada ya moto kuzima. Shika jambo hilo, maana mzunguko wote umejengwa juu yake.

Hatua ya kwanza: pandisha themostati, yaani kidhibiti joto cha ukutani, kisha anza kuhesabu.

Kwenye hita za kisasa zenye bodi (kibao cha elektroniki) inayoendesha feni, mota itaanza papo hapo au baada ya sekunde chache. Kwenye hita za zamani kuna rilei ya kuchelewesha, yaani swichi inayojifunga yenyewe kwa umeme. Ndani yake mna kipande cha metali kinachopashwa joto mpaka kipinde na kugusanisha nukta zake, kwa hiyo utasubiri kati ya sekunde 15 na 30 kabla ya kusikia kitu. Watu wengi hudhani hita imekufa, wakaanza kuchezea themostati, na kila wakiizima na kuiwasha rilei inaanza upya. Tulia, ipe nusu dakika.

Hatua ya pili: feni imeanza, hewa ni baridi. Hivyo ndivyo inavyotakiwa. Kwa sekunde 15 hivi, au zaidi kidogo kwa baadhi ya modeli, feni inafukuza gesi na moshi uliobaki ndani ya chemba. Wakati huohuo hewa inasukuma kibati hiki chembamba. Hii ndiyo swichi ya upepo. Inafunga saketi, yaani inaruhusu umeme kupita, pale tu feni inapofikia karibu robo tatu ya kasi yake ya kawaida. Jirani yake kuna swichi ya kikomo cha joto, ambayo kwa kawaida saketi yake imefungwa na hufunguka chemba ikipata joto kupita kiasi. Umeme ukishapita katika hizi mbili, ndipo bodi inaruhusiwa kuwasha moto.

Hatua ya tatu: sikiliza. Vali ya gesi inagonga, "tak", kisha cheche, "ti-ti-ti-ti", halafu mngurumo wa moto. Bodi huacha vali wazi na kurusha cheche kwa takriban sekunde 7. Isipouona moto, inafunga gesi, inaacha feni isafishe chemba, kisha inajaribu tena. Kwenye bodi nyingi, majaribio 3 yakishindikana inajifungia, yaani inaacha kujaribu.

Bodi inauonaje moto? Mwali hupitisha mkondo mdogo sana wa umeme, wa mikroampea chache tu, kutoka kwenye elektrodi (kijiti cha metali kinachogusa mwali) hadi kwenye kichomeo. Bodi inapima mkondo huo. Kwa hiyo kuna tofauti kubwa kati ya moto usiowaka kabisa na moto unaowaka kisha kuzimika baada ya sekunde chache. Usiowaka, shuku gesi au cheche. Unaowaka na kuzimika, shuku elektrodi iliyopinda au kuchafuka, au waya wa ardhi (wa kutuliza umeme) uliolegea. Nafasi ya cheche iwe kama milimita 3.

Hatua ya nne: chumba kimepata joto, themostati imekata. Moto unazima mara moja, lakini feni inaendelea kwa dakika moja hadi tatu kutegemea modeli. Inapoza chemba. Usikate umeme wa hita katika kipindi hiki, maana bati linalobaki na joto bila hewa ndilo linalopasuka mapema. Feni ikisimama, mzunguko mmoja umekamilika.

Sasa tuingie kwenye ugonjwa unaosumbua kuliko yote: feni inazunguka, hewa baridi, moto hauji.

Wengi hukimbilia kununua bodi. Sisi tunasema bodi iwe ya mwisho kushukiwa. Anza na volti. Hita hii hutumia umeme wa volti 12 hata karavani inapokuwa imechomekwa kwenye umeme wa kawaida, na watengenezaji wengi hutaka isipungue volti 10.5 kwenye nyaya za hita yenyewe. Betri dhaifu bado itazungusha feni, na sikio lako litaridhika. Ila kibati cha swichi ya upepo hakitaridhika, maana kasi haifiki robo tatu, saketi haifungi, na bodi haipati ruhusa ya kufungua gesi. Ndiyo maana malalamiko ya kawaida ni haya: hita ilifanya kazi vizuri jioni, alfajiri ikawa inapuliza baridi.

Piga hesabu nasi. Hita ya BTU 30,000 kwa saa (BTU ni kipimo cha joto) hula takriban ampea 7 feni inapozunguka. Usiku wa saa 10, feni ikifanya kazi nusu ya muda, umetumia ampea-saa 35. Betri ya risasi na asidi ya ampea-saa 100 haifai kushushwa chini ya nusu, kwa hiyo una 50 tu za kutumia. Ongeza taa, pampu ya maji na baridi yenyewe inayopunguza uwezo wa betri, alfajiri hakuna kilichobaki.

Pima hivi. Usipime kwenye betri, pima hapa, waya wa chanya na wa hasi unaoingia kwenye hita, feni ikiwa inazunguka. Ukisoma 12.4 kwenye betri na 10.2 hapa, betri haina kosa. Volti zinapotea njiani, kwenye kiunganishi kilicholegea, fyuzi yenye kutu au waya mwembamba. Kuna kipimo cha haraka pia: chomeka karavani kwenye umeme wa nje. Hita ikiwaka vizuri ikiwa imechomekwa na ikagoma kwa betri, tatizo ni volti.

Volti zikiwa sawa, hamia kwenye swichi ya upepo. Feni ikiwa inazunguka, weka ncha nyeusi ya multimita kwenye mwili wa chuma wa hita na nyekundu kwenye terminali ya kwanza ya swichi, kisha ya pili. Volti 12 pande zote mbili maana yake imefunga. Volti 12 upande mmoja tu, haijafunga. Rudia hivyohivyo kwenye swichi ya kikomo. Kisha zima umeme, itoe swichi ya upepo na utazame. Mara nyingi utakuta nyuzi za zulia na manyoya ya mbwa yamekizonga kibati. Safisha kwa brashi bila kukipinda. Kama swichi yenyewe ni mbovu, nunua nyingine. Usiiunganishe moja kwa moja kwa waya, hata kwa usiku mmoja, kwa sababu siku mota itakapogoma gesi itafunguka bila hewa.

Swichi zote mbili zinapitisha umeme na bado hakuna moto? Nenda kwenye gesi. Washa jiko la karavani. Hilo hutoa hewa iliyonaswa kwenye bomba, hasa ukiwa umetoka kubadilisha mtungi. Mwali wa jiko ukinywea hita inapojaribu kuwaka, shinikizo halitoshi. Linatakiwa kuwa inchi 11 za maji, sawa na kilopaskali 2.7, na kipimo hicho huhitaji manomita, yaani kipima shinikizo. Wakati mwingine tatizo ni mkono wako: mtungi ukifunguliwa kwa haraka, vali ya usalama ndani ya kiunganishi hudhani kuna uvujaji, ikabana mtiririko. Funga, subiri, fungua tena polepole. Baada ya kugusa kiunganishi chochote, paka maji ya sabuni utafute mapovu.

Toka nje pia, umulike tundu la moshi. Buibui na nyigu hupenda kujenga humo. Feni itasikika inafanya kazi, lakini chemba haipumui.

Dalili ya pili: feni haisimami, lakini moto unawaka na kuzima katikati ya kazi. Hewa inakuwa ya moto sana, kisha baridi, kisha ya moto, ilhali chumba hakijafikia joto uliloweka. Hiyo ni swichi ya kikomo inafunguka. Usiibadilishe kwanza, inakuokoa. Hita inakosa hewa ya kupoza chemba. Fungua matundu yote ya sakafuni, ondoa mikoba iliyowekwa mbele ya wavu wa kuvuta hewa, na angalia kama bomba limebonyezwa na mizigo chini ya kitanda. Kufunga tundu la chumba kisichotumika ili kubana gesi ni uchumi wa bure. Kila modeli ina idadi ya chini ya mabomba ya inchi 4 inayotakiwa kubaki wazi, na imeandikwa kwenye kitabu chake.

Kama mzunguko ni mfupi na feni inasimama kabisa, ikaanza tena baada ya muda mfupi, itazame themostati. Ikiwa hewa ya moto inaipuliza moja kwa moja, itakata mapema. Themostati za zamani zina kishale kidogo ndani kinachoamua ikate mapema kiasi gani. Kisogeze kidogo tu kuelekea upande wa muda mrefu, kisha hesabu mizunguko miwili kabla ya kukigusa tena.

Ya mwisho: umezima themostati na feni haikomi. Subiri dakika 3 kwanza, maana huenda inapoza chemba. Ikiendelea, kumbuka kwamba hita za zamani zikishindwa kuwasha moto, feni huzunguka mpaka uzime themostati, ilhali bodi nyingi za kisasa huizima feni zenyewe. Lakini wewe umeshazima. Basi chomoa waya mmoja wa themostati ukutani. Ikisimama, themostati ndiyo mbovu. Isiposimama, chomoa nyaya hizohizo upande wa hita. Ikisimama hapo, zimegusana mahali fulani kati ya ukuta na hita, aghalabu palipopita skrubu ya kabati. Isiposimama hata hapo, nukta za rilei zimeng'ang'aniana: toa fyuzi ya hita, funga gesi, na ubadilishe rilei, au bodi ikiwa rilei imejengwa ndani yake.