Davy, shaba na meli za mfalme

MWANAIDI: Karibuni tena. Leo tunakaa na Humphry Davy, mwanakemia wa Uingereza. Wengi wakisimulia historia ya kemia ya umeme huanza na Volta, mara wamefika kwenye betri za simu, na utamu wote wa katikati wameuacha.

SALUM: Lakini Volta hatuwezi kumruka, dada.

MWANAIDI: Hatumruki. Machi 1800, Alessandro Volta wa Pavia, Italia, anaiandikia barua Royal Society, chama cha wanasayansi cha London. Anaeleza alivyopanga visahani vya zinki na fedha kwa kupokezana, na kati ya jozi na jozi akaweka karatasi ngumu iliyoloweshwa maji ya chumvi. Ukigusa juu na chini kwa mikono yenye maji, umeme unakupiga. Ukigusa tena, unakupiga tena.

SALUM: Na hapo ndipo penye uzito. Mashine za kabla yake zilitoa cheche, basi, zimekwisha. Hii ilitoa mkondo unaoendelea.

MWANAIDI: Ila Volta aliamini kugusana tu kwa metali mbili kunatosha kuzaa umeme. Davy akaona sivyo: zinki isipoliwa, umeme haupatikani. Kwa hiyo akageuza swali. Kama kemia inazaa umeme, umeme nao si utaweza kutenganisha vitu vilivyoungana kikemia?

SALUM: Ndiyo tunafika Oktoba 1807.

MWANAIDI: Enhee! Alichukua potashi, ile asili yake majivu ya kuni. Akaiyeyusha kwenye maji, akapitisha umeme: akapata haidrojeni na oksijeni tu, maana yaliyovunjika ni maji. Akajaribu ikiwa kavu: umeme haupiti. Basi akaiacha hewani kidogo tu, ikapata unyevunyevu juu, akaiweka kwenye kisahani cha platinamu. Ikaanza kuyeyuka pale inapogusana na umeme, vikatokeza vitone vinavyong'aa kama zebaki, vingine vikalipuka na kuwaka palepale. Potasiamu! Hakuna binadamu aliyewahi kuiona kabla ya hapo.

SALUM: Na binamu yake Edmund, aliyekuwa msaidizi wake, alisimulia kwamba Davy alirukaruka chumbani kwa furaha.

MWANAIDI: Ningeruka hata mimi. Siku chache baadaye akapata sodiamu, na 1808 kalsiamu, magnesiamu na nyinginezo. Lakini mimi kinachonigusa zaidi ni habari ya meli.

SALUM: Hebu ieleze vizuri, maana hiyo wengi hawaijui.

MWANAIDI: Meli za kivita za Uingereza zilikuwa za mbao, na chini ya maji zilivikwa mabati ya shaba kuzuia minyoo inayotoboa mbao. Sasa maji ya chumvi yakawa yanaila shaba. Jeshi la wanamaji likaomba ushauri, na mwaka 1824 Davy akaja na jibu: gusanisha shaba na kipande kidogo cha zinki au chuma. Zinki huachia elektroni, zile chembe ndogo zenye chaji hasi, kwa urahisi kuliko shaba, kwa hiyo italiwa zinki, shaba ibaki salama.

SALUM: Davy mwenyewe hakuzijua elektroni, bila shaka.

MWANAIDI: Hakuzijua, zilikuja kugunduliwa 1897. Yeye alisema shaba ifanywe kuwa hasi kidogo, na alikuwa sahihi kabisa. Meli ya Samarang ikafungwa vipande vya chuma, na shaba ikaacha kuliwa.

SALUM: Kisha?

MWANAIDI: Kisha mwani na viumbe wenye magamba wakajibandika chini ya meli, zikawa nzito, mwendo ukapungua! Kumbe shaba ilipokuwa ikiyeyuka polepole, ilikuwa sumu kwa viumbe hao. Ukizuia shaba kuliwa, umeondoa sumu. Baada ya muda jeshi likaagiza vipande viondolewe.

SALUM: Watu wakasema Davy kashindwa.

MWANAIDI: Walimlaumu sana, na mimi naona hawakumtendea haki. Kemia yake ilifanya kazi ileile aliyoahidi. Tatizo lilikuwa la viumbe wa baharini. Leo meli ni za chuma, zinapakwa rangi maalumu ya kuzuia viumbe, na vile vipande vya zinki vimerudi. Boti ikipandishwa nchi kavu, angalia karibu na rafadha, utaviona vimelikalika. Mabomba ya mafuta yaliyozikwa ardhini nayo hulindwa kwa kanuni hiyohiyo.

SALUM: Wiki ijayo ni zamu ya Michael Faraday, aliyeajiriwa na Davy mwaka 1813 kama msaidizi wa maabara. Tutazichambua kanuni zake mbili za elektrolisisi, yaani kuvunja kemikali kwa umeme, na hesabu tutafanya hapahapa.